Mchoro wa kazi si mfumo bado: mfano wa kituo cha karafuu

Anayetaka kuunda mfumo wa kompyuta kwa kituo cha kununulia karafuu Pemba kwa kawaida huanza na mchoro. Kazi ya karani, mkaguzi na mpimaji huchorwa kwa BPMN, lugha ya alama za kuchorea hatua za kazi, ambayo toleo lake la 2.0 lilitolewa mwaka 2011 na OMG, shirika la kimataifa la viwango vya programu: duara kwa tukio, kisanduku kwa kazi, almasi kwa njia panda. Tuseme mkulima anafika, karafuu zinakaguliwa daraja, zinapimwa, risiti inaandikwa, pesa zinatoka, gunia linaingia ghalani. Mchoro ukishakubaliwa, wasanifu hugawika.

Wapo wanaosema mchoro ukiwa sahihi, mfumo umeshapatikana nusu: upewe injini ya michakato, yaani programu inayosoma mchoro na kuendesha hatua zake, iuendeshe kama ulivyo. Hoja yao ina uzito. Ukitaka unyevu uangaliwe kabla ya mizani badala ya baada, unahamisha kisanduku, na programu haiandikwi upya kuanzia mwanzo. Kila hatua inabaki na saa yake na jina la aliyeifanya, na kwa zao linaloandamwa na magendo miaka nenda miaka rudi, kumbukumbu ya namna hiyo si anasa.

Ila mchoro uliobandikwa ukutani husamehe makosa ambayo mashine haiyasamehe. Chukua almasi. Yenye alama ya kujumlisha hufungua njia zote kwa pamoja. Yenye alama ya X huchagua moja tu. Baada ya kupima, karani anaandika risiti na wakati huohuo mtunza ghala anaandika mapokezi, kisha njia hizo mbili zinakutana kabla ya malipo. Mchoraji akiziunganisha kwa almasi ya X, kila njia ikifika hupita zake bila kumngoja mwenzake, na mkulima analipwa mara mbili. Akikosea kinyume, akafungua kwa X na kufunga kwa kujumlisha, injini itangoja njia ambayo haikuanza, na mkulima atakaa barazani mpaka magharibi. Kikaoni kosa hili halionekani, kwa sababu karani hahitaji kuambiwa kwamba mtu halipwi mara mbili.

Wengine hushika upande wa pili: mchoro ni wa kuelewana tu, usanifu uanze na data. Nguvu yao inaonekana kwenye gunia. Michoro mingi huonyesha mkulima mmoja, mzigo mmoja, daraja moja. Sasa aje na magunia matatu, mawili ya daraja la kwanza na moja halijakauka sawasawa, lirudi kuanikwa. Aliyegeuza kila kisanduku kuwa skrini atakuwa amelifunga daraja kwenye mzigo mzima, na karani atabuni mizigo ya uongo ili kazi iende. BPMN yenyewe ina alama ya kazi inayorudiwa kwa kila kitu, lakini wachoraji wengi huiruka. Kwenye hifadhidata, mzigo mmoja uwe na magunia mengi, na kila gunia liwe na daraja lake, uzito wa jumla, uzito wa gunia tupu, bei ya siku ile na hali yake. Bei inakiliwa pale pale. Ikisomwa kila mara kutoka orodha ya bei, risiti ya Agosti ikichapishwa tena Disemba baada ya bei kubadilika itatoa pesa nyingine.

Hata hivyo majedwali hayasemi nani anamngoja nani. Mchoro husema: kati ya mkulima, kituo na benki hupita ujumbe tu, kwa mshale wa mstari uliokatikakatika, na kila mshale huo ni mahali mtandao unapoweza kukatika. Kwa hiyo kila mmoja unataka namba ya kumbukumbu, ili ombi la malipo likirudiwa lisilipwe upya, muda wa kusubiri, na njia ya kupitia jibu lisipokuja. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipotoweka, hawahitaji kuelezwa kwa nini kitabu cha risiti cha karatasi nacho kichorwe.

Kwangu mimi, kinachofaa kuvushwa kutoka mchoroni ni hali, visanduku vibaki huko. Gunia limepokelewa, limekaguliwa, limerudishwa, limepimwa, limelipwa, limeingia ghalani. Pitia kila kisanduku uulize kinabadilisha hali ipi. “Karani anamwita mkaguzi” hakibadilishi kitu, kisiingie kwenye mfumo. Hali ikibadilika bila kisanduku, mchoro una pengo, rudi kituoni ukaulize. Safu za wahusika, yaani mistari ya mchoro inayotenga kazi za kila mhusika, nazo zinageuka haki za watumiaji: aliyepima asiwe ndiye anayeidhinisha malipo.

Injini ibaki kwa zile sehemu ambazo utaratibu wake hubadilika mara kwa mara, na hata hapo kuna mtego. Mchoro ukibadilishwa katikati ya msimu, mizigo iliyokwisha kuanza imalizie kwa toleo la zamani, mipya ifuate jipya. Hilo haliwezekani kama namba ya toleo haikuandikwa kwenye kila mzigo, na kuiongeza kabla ya msimu ni kazi ya dakika chache kuliko magunia yakiwa yameshapangwa mlangoni.