Kala, kaoga, kameza dawa, yuko sawa?

Kama hujawahi kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuna maneno tunarithishana asubuhi na jioni wakati wa kupokezana zamu: "kala, kaoga, kameza dawa, yuko sawa." Basi, unahamia kwa mwenzake. Nimeyasema hayo miaka minne, na mara nyingi, nikisema ukweli, sikuwa na habari kabisa kama huyo mtu yuko sawa, nilichojua ni kwamba sahani imerudi tupu na shuka ni kavu.

Mi naona tatizo liko hapo hapo. Mwili una chati, presha inapimwa, uzito unaandikwa, kidonda kikitokea mgongoni lazima kuna mtu ataulizwa. Moyo hauna wa kuuliziwa. Mzee akianza kubakiza chakula, akawa mchana kutwa kageukia ukutani, leo mgongo, kesho tumbo, keshokutwa kichwa, tunasema aah uzee huo, kumbe sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa watu wa umri ule mara nyingi ndo inavyokuja, haiji na machozi, inakuja na "sijisikii kula" na "niache tu nilale". Na wala kuipima sio kazi ya ajabu, kuna kipimo kifupi cha maswali 15 ya ndiyo na hapana kilichotungwa makusudi kwa wazee, hakihangaiki na maumivu maana hayo mzee yeyote anayo, kinauliza vitu kama je unaona maisha yako ni matupu, je unaboreka mara kwa mara. Dakika tano, saba hivi umemaliza. Nilivyokisoma mara ya kwanza nilicheka kicheko kibaya, maana hilo swali la kuboreka pale kwetu lingejibiwa ndiyo na nyumba nzima mpaka paka.

Afu watu wanachukulia kuboreka ni jambo dogo. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Bill Thomas, mwaka 1991 alikuwa anahudumia nyumba moja ya wazee jimbo la New York, akaona dawa zote anazoandika hazigusi kinachowaua watu mle ndani, akakitaja kwa majina matatu: upweke, kuboreka, na kujiona huna uwezo juu ya lolote. Akaingiza mbwa wawili, paka wanne na kasuku wadogo mia moja. Mia! Nawaonea huruma waliosafisha, ila hoja yake naielewa.

Na kabla yake, mwaka 1976, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walitoa utafiti wao wa kwenye nyumba moja ya wazee jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa nyie ndo mnaamua mambo yenu, chumba upange unavyotaka, chagua mmea wako na utamwagilia mwenyewe. Ghorofa nyingine wakaambiwa kwa upole kabisa msijali tutawafanyia kila kitu, mmea huu hapa, nesi atamwagilia. Wiki tatu baadaye wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wanajisikia vizuri zaidi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kundi la kwanza walikuwa wamefariki asilimia 15, la pili 30, japo hesabu hiyo ilikuja kusahihishwa ikaonekana haina nguvu kama ilivyotangazwa, na wazee wenyewe hata mia hawakufika, kwa hiyo mi siwezi kukuambia ua kwenye kopo linaongeza miaka. Kinachonikaa kichwani ni hao wa ghorofa ya pili. Hawakuteswa. Walihudumiwa vizuri tu, kama sisi tunavyohudumia.

Sa nikupe mfano wangu. Tulikuwa na bibi mmoja, maisha yake yote fundi cherehani, kumbukumbu zishaanza kumtoroka. Kila taulo safi zikiwekwa kwenye kabati la korido anakuja anazishusha zote anazikunja upya. Tukamwona msumbufu, kwenye ripoti tunaandika "anachezea vifaa", tunamrudisha chumbani tunamwashia TV. Afu siku moja mwenzangu wa zamu ya mchana, dada asiye na maneno mengi, akambebea kapu zima mpaka mezani akamwambia mama zimenishinda, nisaidie. Ungeiona ile mikono! Anaikung'uta taulo mara moja hewani, anakutanisha pindo kwa pindo, anapitisha kiganja juu yake kama pasi, ndo anakunja mara tatu. Moja niliyoikunja mimi aliichukua, akaitazama, akaifungua. Hakusema kitu. Saa ya chakula nikaenda kumwita, akanijibu ngoja kwanza, huoni niko kazini?

Hakupona, sitaki kuwadanganya, kumbukumbu ziliendelea kuondoka. Ila ile ripoti ya kuchezea vifaa iliishia siku hiyo.

Ndo maana nawaambiaga watu wenye mzazi huko, ukienda kumsalimia usiende na "unaendeleaje" afu wote mnakaa kimya mnaangalia saa. Mpelekee shida. Kifungo kimekatika, watoto wamegombana, mpangaji hataki kulipa, mwambie umekwama unataka ushauri wake, na ukipata ushauri mbovu upokee hivyo hivyo.

Na sisi wahudumu tuache ile sauti ya kitoto, "haya tufungue mdomo, mtoto mzuriii". Babu alikuwa mwalimu mkuu yule, kachapa nusu ya wilaya. Najua tunachoka, usiku mko wawili na wazee thelathini na kitu, kengele inalia vyumba vitatu kwa pamoja, hapo mtu hana muda wa kukaa kitandani kupiga stori na simlaumu. Lakini kugonga mlango kabla hujaingia ni sekunde mbili.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Mtu akifariki usiku tulikuwa tunampitisha mlango wa nyuma, alfajiri kitanda kinavuliwa mashuka, godoro linafutwa, mchana keshaingia mwingine, na hakuna anayeruhusiwa kusema neno ili "wasihuzunike". Asubuhi moja mama wa kitanda cha dirishani akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia kahamishwa. Akaniangalia sana.

"Mwanangu, mimi nimezika mume na watoto wawili. Unadhani kitanda kikivuliwa sijui?"

Nikasimama pale na mto mkononi. Akaniambia nimsogezee kiti, nikae, halafu nimwambie ilikuwa saa ngapi.