Jioni tatu, michezo mitatu

Walimu wengi wa sanaa za mapigano humkanya mwanafunzi anayetaka karate, ndondi na judo kwa wakati mmoja: mshika mawili moja humponyoka. Nimelelewa na kauli hiyo na bado naiheshimu. Lakini mcheza judo mwenyewe hushika pawili, kola na mkono wa vazi la mpinzani, na akibakiwa na mshiko mmoja, kumwangusha mtu huwa kazi kubwa.

Wanaotetea mchezo mmoja wana ushahidi mzito. Novemba 1993, mjini Denver, katika shindano la kwanza la UFC, ambapo wapiganaji wa mitindo tofauti hukutana, Royce Gracie aliwashinda watu watatu usiku mmoja kwa jujitsu ya Kibrazili. Hakuhitaji konde zito. Alijua kusogea karibu, kumlaza mtu chini na kumkaba. Hata hivyo, usiku uleule unawafaa pia wanaopinga. Bondia Art Jimmerson, aliyeingia na glavu mkono mmoja, alisalimu amri alipolaliwa. Ndondi haikumpa la kufanya akiwa chini. Na Gracie mwenyewe, mwaka 2006, alishindwa katika raundi ya kwanza na Matt Hughes, mwanamieleka aliyekuwa ameshajifunza jujitsu na ngumi.

Kwangu mimi shida haiko kwenye idadi. Iko mwilini. Bondia hufunzwa kuinamisha kichwa ili konde lipite juu. Akifanya hivyo mbele ya mchezaji wa Muay Thai, ndondi ya Kithai inayotumia pia magoti na mateke, anakipeleka kichwa kwenye goti. Huzoea kuegemea mguu wa mbele, na mguu huohuo ndio unaosubiriwa na teke la paja. Anayejifunza yote mawili kabla hata moja halijaingia kwenye damu hujikuta anachagua huku konde limeshatupwa, na muda wa kuchagua hana. Nilipoingia judo baada ya miaka ya karate, nilisimama kwa mkao wangu mrefu, mguu mmoja mbele, na kwa wiki nyingi nilipigwa mtama na kila niliyeshikana naye. Sikujuta, kwa sababu karate ilikuwa imeshakomaa. Niliporudi huko niliikuta palepale nilipoiacha.

Ndiyo maana navutiwa na njia aliyopita Jigoro Kano. Judo aliyoianzisha mwaka 1882, ambayo leo huonekana mchezo mmoja usio na mchanganyiko, ilitokana hasa na mitindo miwili ya jujutsu, yaani jujitsu ya Kijapani: Tenjin Shin'yo, aliouanza mwaka 1877, na Kito, aliouingia mwaka 1881. Wa kwanza ulimpa kabali na mibano ya chini, wa pili mitupo. Alichanganya, ila kwa zamu.

Wanaosubiri mno nao wananitia hofu. Kila mchezo una kanuni, na kanuni huficha mianya. Taekwondo ya Olimpiki hairuhusu ngumi usoni. Judo ya kimataifa ilipiga marufuku kabisa kushika miguu mwaka 2013, hivyo mtu anaweza kufika mkanda mweusi bila kuwahi kuvamiwa miguuni kama wafanyavyo wanamieleka. Mwanya wa namna hiyo hauzibiki kwa kurudia mazoezi yaleyale kwa bidii zaidi. Ni mtu wa mchezo mwingine atakayekuonyesha ulipo.

Mwenye jioni tatu kwa wiki ningemshauri aupe mchezo wake wa msingi mbili, na ya tatu aipeleke pale ambapo mchezo huo hauoni: mcheza taekwondo aende ndondi, bondia aende mieleka. Asiupange usiku wa makonde ya kichwa ukafuatwa na asubuhi ya mitupo. Na awaambie walimu wote wawili anachofanya kwingine. Mwalimu wa judo akijua kwamba jana ulikuwa ulingoni na kichwa bado kinauma, atakuketisha pembeni ya mkeka.