Niongezee Gesi Kidogo Tu

Nimeisikia tena leo, saa tatu asubuhi, chai haijafika hata nusu ya kikombe: "Fundi, niongezee gesi kidogo tu kwenye AC." Kidogo tu, kama chumvi kwenye mchuzi.

Sasa natangaza rasmi, chini ya mwembe huu, mbele ya mashahidi wawili wanaocheza drafti: gesi ya AC haiishi. Petroli huisha kwa sababu inaungua. Gesi ya AC haiungui wala hailiwi. Inazungushwa mle mle kwenye mabomba, hapa mvuke, pale majimaji, inabeba joto la ndani inalitua nje, inarudi kubeba lingine, kama kuli wa bandarini asiye na likizo. Ikipungua, imevuja. Na pale ilipovujia bado pako wazi. Ukiongeza bila kuziba, umeinunulia hewa ya Ubungo gesi, na hewa ya Ubungo ina mambo yake tayari.

Bosi wa leo alikuja na Toyota IST, na pembeni ya IST kulikuwa na shemeji. Nimeshaona: gari bovu halitembei peke yake, lazima lina shemeji. Bosi anazungumza na simu, shemeji anazungumza na fundi. Shemeji huyu kavaa tai, joto la Januari hili, na mkononi ana kopo la gesi alilonunua Kariakoo, gramu 340, kalikumbatia kama kifaranga.

"Hii shida yake ndogo," ananiambia. "Tukiwa tunatembea inapuliza baridi mpaka nafunga vifungo. Tukiingia foleni inapuliza kama pumzi ya mbuzi. Gesi imepungua."

Jamani. Mgonjwa kajieleza mwenyewe mpaka jina la ugonjwa, halafu anaomba dawa ya ugonjwa mwingine. Gesi ikipungua inapungua kote, barabarani na kwenye foleni. Baridi inayokuja ukikimbia na kupotea ukisimama, hiyo mara nyingi ni hewa haipiti kwenye kondensa. Kondensa ni ile kama rejeta nyembamba, imekaa mbele ya rejeta yenyewe, ndiyo inayotua lile joto. Ukikimbia kilomita 80 upepo unafanya kazi bure. Ukisimama, kazi yote ni ya feni.

Nikamwambia, tuanze na feni. Akasema feni ni ya rejeta, AC inahusiana nini nayo. Nikanyamaza. Fundi anayejiheshimu hubishana kwa saa za presha, hatumii mdomo.

Nikafunga saa zangu, ya bluu upande wa chini, nyekundu upande wa juu, injini imezimwa. Zote mbili zikasoma karibu 97, kwa kipimo cha PSI. Shemeji akachungulia akaguna: "Kumbe ipo 97, tujaze ifike 150." Hapa ndipo heshima iliponianza kupungua. Mzee wangu, hiyo ni presha, siyo kiasi. Gesi ya R134a ikilala kwenye joto la nyuzi 30 inasoma 97 hivi ukiwa na gramu 500, na inasoma hiyo hiyo ukiwa na gramu 150, alimradi ndani kumebaki hata tone la majimaji. Saa inakuambia leo kuna joto. Kujua kiasi cha gesi kwa saa ya gari lililozimwa ni sawa na kumpima mtu uzito kwa kumshika paji la uso.

Kiasi kinajulikana kwa mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko kidogo kinachosema gramu ngapi. Gari ndogo nyingi ni kati ya 350 na 500. Fikiria sasa kopo zima la 340 linaingia kwenye mfumo ambao haujapungukiwa kitu. Hiyo siyo kuongeza, huko ni kumlisha mtu aliyetoka harusini.

Tukawasha injini, nikabonyeza AC. Kwa joto hili la Dar, gari lisilo na ugonjwa husoma kama 35 mpaka 45 chini, na 200 mpaka 250 juu. Hili likaanza 50 chini, juu 260. Ikapanda 300. Ikapita 340. Shemeji anatabasamu, anadhani ni alama za mtihani. Kisha kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, ikafanya *tak*, ikajikata. Swichi ya presha imeokoa jahazi. Saa zote mbili zikipanda pamoja namna ile, ama gesi imezidi, ama kondensa haipati hewa.

Nikainama na tochi. Feni ya injini inayowaka, AC imewashwa, inatakiwa iwe inavuma. Hii imetulia. Na katikati ya mapanga yake kuna buibui. Siyo utando wa jana, ni makazi: utando umetoka panga la kwanza mpaka la tatu, una inzi wawili wakavu na ganda la yai. Mle ndani mtu amezaa na kulea.

Nikamwita shemeji aone. Akatazama, akafikiri, akasema: "Labda inazunguka taratibu."

Hapo nilisema maneno ambayo siyaandiki.

Haya, kazi ya feni ni hii, na haihitaji shahada. Kwanza fyuzi. Fyuzi nzima. Pili rilei, ile swichi ya umeme: chomoa rilei ya feni, chomeka ya honi kama zinafanana miguu, feni ikizunguka, rilei imekufa. Haikuzunguka. Tatu, chomoa soketi ya mota, ipelekee umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kimya. Nikaigonga kwa mpini wa spana, pole pole, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Ikazunguka mara mbili, buibui akakimbia kuokoa maisha, ikasimama. Kaboni za ndani zimelika. Mota inatoka.

Nikauliza swali ambalo ningeuliza mwanzo kama nisingekuwa nimekumbatiwa na kopo: "Na gari inachemsha?"

"Kidogo," akasema bosi, simu imekatika. Kidogo tena! "Taa nyekundu huwa inawaka, halafu inazima yenyewe."

Inazima yenyewe. IST nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na taa nyekundu basi. Sasa ile sensa imetengenezwa kukaa ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake inabaki kupima mvuke na hewa, haielewi chochote, na taa inaweza kuzima huku injini inaungua. Taa nyekundu ikizima yenyewe usishukuru. Simama, zima gari.

Injini ikapoa, tukafungua rejeta. Injini ikapoa, nasema, nusu saa na zaidi, mpaka hozi ya juu inashikika na kuminyika bila kukushindana. Mle ndani maji ya moto yamebanwa, ukifungua yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Nikafungua, na chini ya mfuniko nikakuta kipande cha nailoni. Mfuko wa nailoni, ule uliopigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, umepata hifadhi kwenye shingo ya rejeta ya IST, umekunjwa vizuri, umefungiwa juu.

"Mfuniko ulikuwa unavujisha," shemeji akaeleza. Kwa fahari.

Mfuniko una kazi. Ule ulioandikwa 1.1 unabana maji mpaka yasichemke kwenye 100, yavumilie mpaka kama 120. Una springi, una mpira, na una kivalvu kidogo katikati cha kurudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini ikipoa. Nailoni imeziba kile kivalvu. Injini ikipoa inavuta maji, hayarudi, hozi zinajikunja kama mrija wa juisi. Na mpira ukifa, maji yanachemka kwenye 100 kama chai. Ukipanda nalo Mbeya yanachemka kwenye 94 hivi. Mfuniko mpya bei yake haifiki ya tai aliyovaa.

Maji yenyewe yalikuwa rangi ya supu ya maharage. Kisima, nikauliza. Kisima, wakajibu. Maji ya visima vingi vya huku kwetu ukiyaonja yana chumvi, halafu unayatia kwenye rejeta ya alumini. Alumini inaliwa, vijia vinaziba, pampu ya maji inakwaruzwa sili. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, siyo mapambo, na rangi yake siyo cheo. Ile nzito unachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Ile iliyoandikwa imeshachanganywa unamimina vilevile, usiibatize mara ya pili. Na usichanganye nyekundu na kijani kwa kuwa zimebaki kidogo kidogo.

Nikashika hozi kuelekea themostati, ule mlango wa maji unaofunguka kwa joto. Nyumba yake ipo, mwenyewe hayupo.

"Fundi wa mwanzo aliitoa. Alisema ni kitu cha nchi za baridi."

Hii sentensi ndiyo itakayonizika. Themostati ya gari hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Themanini na mbili! Ni mji gani duniani una joto la 82, iwe Ulaya au Mbagala? Injini inataka kufika hapo upesi na kubaki hapo. Ukiitoa, injini inakaa baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari limeamka, inamwaga petroli, na wewe unalalamikia bei ya mafuta. Na kuna injini ambazo themostati ina kifuniko cha pili nyuma, cha kuziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila hata kuisalimia rejeta. Umeitoa ili isichemshe, unafika mlima Kitonga inachemsha zaidi. Ukishuku themostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto. Kwenye 82 inaanza kufumbua jicho, ikikaribia 95 iwe imefunguka yote. Isipofunguka, nunua nyingine. Sufuria usiirudishe ilikotoka bila kuiosha.

Shemeji akauliza kama wanaweza kwenda nalo hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwambia ndiyo, kwa mtindo mmoja: mkiona taa nyekundu kwenye foleni, zima AC, washa hita mpaka mwisho, feni ya ndani namba nne. Hita ni kirejeta kidogo ndani ya dashibodi, kinatumia maji yaleyale ya injini, kwa hiyo kinapunguza joto. Kama maji yapo. Kisha tafuteni pembeni mzime gari. Nikawaona wanajitafakari: foleni ya Ubungo, saa kumi na moja jioni, vioo wazi, hita inapuliza magotini, tai shingoni. Na msimwagie injini maji baridi ikiwa ya moto, hedi, kile kichwa cha injini, inapinda. Bosi akasema nunua mota.

Wakati nasubiri mota, wengine walipita. Mama mmoja zulia la upande wa abiria limelowa: bomba la kutolea maji la ivaporeta, ile inayopoza hewa ya ndani, limeziba, hewa ya presha ndogo kutokea chini, dakika tano. Kijana AC yake inanuka soksi: azime AC dakika chache kabla ya kufika aache feni ikaushe. Mwingine upepo dhaifu. Filta iko nyuma ya kidroo cha mbele, nikatoa majani, manyoya ya paka na maganda ya karanga. Mzee wa teksi aliyetaka nimtilie R22 ya kwenye viyoyozi vya nyumbani kwa kuwa ni rahisi, nikamwomba aondoke kwa amani. Mmoja alikuja mbio kuwa gari linadondosha maji chini. Ni maji ya AC, baba, ndivyo inavyotakiwa.

Mota ikafika, ikafungwa. Mfuniko mpya, themostati mpya, rejeta ikasafishwa mpaka maji yakatoka meupe. Kulanti ikaingia pole pole, gari pua juu kwenye mwinuko, hita imewashwa, mfuniko wazi, injini inanguruma mpaka mapovu yakaisha na feni yenyewe ikaita. Nikabonyeza AC. Chini 40, juu 225, ikatulia. Gesi imo, yote, ilikuwemo tangu asubuhi.

Shemeji akatazama saa. Akatazama kopo. "Basi tia hata robo yake."

Sikujibu, kwa sababu gari la pili lilikuwa linanisubiri, na hilo kweli limevuja: kwenye maungio ya kondensa kuna vumbi lenye mafuta, maana gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa, na vumbi hunata hapohapo. Tumeshabadilisha oringi, vile vipete vya mpira, na draya inayonyonya unyevu, tumetia mafuta ya kompresa ya PAG, pampu ya vakyumu imeanza kunyonya hewa yote itoke. Inataka dakika 30, ikiwezekana 45, kisha unafunga valvu na kutazama kama mshale unarudi. Dakika ya 19 umeme ukakatika. Mshale umesimama, sisi tumesimama, wacheza drafti hawakuinua hata macho.

Umeme ukirudi nitaanza upya, na nitahitaji mizani. Mizani yangu ya kupimia gesi, inayosoma gramu moja moja, iko kwa muuza dagaa wa hapo kona tangu juzi. Ya kwake ilianguka. Nimemtuma kijana akaichukue. Karudi mikono mitupu: mama anasema kuna foleni ya wateja, amalize kwanza, na mimi niseme nataka robo au nusu, maana dagaa wa Mwanza wamepanda.