Suruali ya Modo Iliyojibu Posa Kabla ya Wakwe

Kwa kuwa rafiki yangu kinyozi, ambaye sitamtaja jina ingawa mwenyewe anajijua kwa kile kicheko chake, ameshalisambaza jambo hili la suruali yangu siku tulipopeleka posa ya mdogo wangu katika kundi la WhatsApp la vijana wa mtaani, tena akiwa ameliongezea chumvi na pilipili, nimeona ni haki yangu kulisimulia kwa mkono wangu kabla halijafika kijijini kwetu. Kwanza kabisa, si kweli kwamba nilivaa boksa yenye picha za katuni. Ilikuwa boksa ya kawaida, ya rangi ya zambarau, yenye mistari ya heshima. Pili, si kweli kwamba binti anayeposwa alizimia kwa kicheko. Binti hakuwemo sebuleni hata kidogo. Alikuwa nyuma ya pazia, pamoja na kile kilichoonekana kuwa nusu ya wanawake wa Bagamoyo.

Wengi wenu mnanijua kwa suruali. Nauza mitumba ya kiume pale Karume, Ilala, na kwa miaka yote niliyokaa pale nimejifunza kwamba sisi tunaofungua marobota hupata habari za msiba wa mtindo kabla ya wanaouvaa. Mtu wa Ulaya hatoi nguo anayoipenda. Hutoa ile iliyomchosha. Ndiyo maana unapofungua robota la kilo 45 ukakuta limejaa aina moja ya suruali, ujue huko ilikotoka watu wameshazika na kurudi makwao. Modo, au zile suruali za kubana mpaka kifundo cha mguu, zilipata heshima ya juu mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Hedi Slimane alipokuwa akibuni mavazi ya kiume ya Dior Homme, zikatamba miaka yote ya 2010, na ilipofika mwanzoni mwa 2021 vijana wadogo wa TikTok walikuwa wakiwacheka kaka zao kwa kuzivaa. Marobota yakaanza kutapika modo. Bei ikashuka, nami nikanunua kwa wingi, na humu humu nikawaandikia makala ndefu za kuthibitisha kwamba modo haifi. Wale ambao tangu juzi mnanirudishia makala hizo moja baada ya nyingine, nimeziona, ahsanteni sana.

Sasa mdogo wangu amempata mchumba Bagamoyo, na kwa utaratibu wa kwetu anayeposa haendi mwenyewe. Hupelekewa barua na wazee. Bamkubwa akaongoza msafara, mshenga akaandaliwa, na mimi, kwa sababu ambazo familia inaendelea kuzijadili, nikapewa kazi ya kushika barua. Nikachagua modo nyeusi, iliyo bora kuliko zote dukani kwangu. Asubuhi ile umeme ukakatika, nikainyoosha kwa pasi ya mkaa. Hapa naomba mnisikilize wenye suruali za namna hii: uzi unaozifanya zivutike ni ule uliobuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, na adui yake mkubwa ni joto kali. Ukiuchoma, hauungui kwa kelele wala kutoa moshi. Unakaa kimya, unakuangalia, unangoja siku yako.

Ndani ya Noah nilijikuta nimezungukwa na watu walioshahama mitindo ya zamani. Kinyozi alikuwa amevaa bwanga la kitani lenye marinda mawili mbele, suruali ambayo upepo unapita ndani yake ukasalimie na kutoka. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba hata saluni kwake siku hizi hakuna anayeomba kiduku wala blichi. Vijana wanataka nywele fupi zilizolingana, na wazee waliokuwa wakipaka ndevu piko kila wiki wameanza kuziachia mvi zao. Shangazi yangu naye, ambaye kwa muda mrefu alikuwa bingwa wa wigi la gundi na kope za bandia, alikuja amesuka twende kilioni, uso mtupu, nyusi zake mwenyewe. Gundi na kuvutwa kila siku vimemla nywele za ukingo wa paji la uso mpaka akasema basi. Aliponiona ninavyopanda gari kwa kuanza na mgongo, kwa kuwa magoti hayakukubali njia nyingine, aliniuliza mbele ya mshenga:

"Wewe baba, hiyo suruali umeivaa au umejipaka?"

Nikamjibu kwamba ndiyo mtindo. Akatazama dirishani mpaka tukafika.

Tulipokelewa vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Sebule ilitandikwa mkeka mpya wa ukindu, kahawa chungu ikaletwa na kashata, na sinia la tende likawekwa katikati. Wazee wakavua viatu, wakaketi na kukunja miguu, kanzu zao zikawafunika wote mpaka sakafuni bila wasiwasi. Mimi nilijaribu kukunja mguu wa kulia nikasikia mshono wa nyuma ukinionya. Nikajaribu wa kushoto, nikaonywa tena. Mwishowe nikajilaza ubavu, miguu yote miwili nikaielekeza upande mmoja, nikaketi kama mwari anayefundwa, huku barua iliyofungwa ndani ya leso nyeupe pamoja na fedha ya kufungulia mlango nikiwa nimeikumbatia kifuani. Mjomba wa binti, mzee mrefu mwenye kofia ya kito, ambaye ndiye msemaji wa upande wao, alinitazama kwa muda, kisha akamtazama bamkubwa, kisha akanywa kahawa.

Mshenga wetu ni mtu wa maneno. Alianza kwa dua, akaingia katika historia ya undugu wa Wazaramo na watu wa pwani yote, akapita kwenye fadhila za ujirani, na ilipofika pale anaposema tulikuwa tunapita njiani tukaona katika nyumba hii limechanua ua, mimi sikuwa na miguu tena. Ganzi ilianzia kwenye vidole, ikapanda kifundoni ambako suruali ilikuwa imekaza kuliko mahali pengine popote, ikafika gotini, ikakuta paja nalo limeshalala. Nilijifinya kwa siri. Nilikuwa ninafinya mguu wa mtu mwingine. Nikamwashiria kinyozi kwa macho, naye, akiwa ameketi ndani ya bwanga lake kwa raha ya sultani mstaafu, akadhani namwomba kashata, akanisogezea.

"Basi," akasema mshenga, "maneno bila maandishi hupeperuka. Mwenye barua na asogee."

Sasa ndugu zangu, jambo hili katika simulizi ya kinyozi limechukua sentensi moja. Nipeni nafasi nilieleze linavyostahili.

Nilitanguliza mkono wa kushoto sakafuni, nikajiinua nyonga, na kwa sekunde chache mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba niliona bamkubwa akitabasamu. Nikauleta mguu wa kulia mbele. Haukuja. Nikauamuru tena kwa nguvu zaidi, ukaja wote kwa pamoja bila kukunjika gotini, ukapiga ukingo wa sinia, na tende tatu au nne zikaanza safari kuelekea kwa mjomba. Macho ya wazee wote yakazifuata tende, na nikadhani Mungu amenipa nafasi. Nikausukuma na ule mguu wa kushoto nisimame wima kabla hawajayarudisha. Nilisimama. Nathibitisha kwamba nilisimama. Kisha nikaanza kuinama mbele polepole, mzima mzima, nikiwa najiona na nisiweze kujizuia, kwa sababu chini ya kiuno hakukuwa na mtu wa kushirikiana naye. Jambo pekee nililofanikiwa kulifanya ni kuinua barua juu kwa mikono miwili isije ikamwagikiwa kahawa, kwa hiyo niliposhuka nilishuka kwa magoti, kishindo kikatikisa bilauri, nikajikuta nimepiga magoti mbele ya mjomba wa binti na barua nimeinua juu ya kichwa, katika unyenyekevu ambao hakuna posa yoyote pwani hii iliyowahi kuudai.

Laiti ingeishia hapo. Ingekuwa heshima iliyozidi kiasi, na watu wangeisamehe.

Suruali ilikuwa bado haijasema neno lake. Kwanza nilisikia mlio mdogo sana, wa uzi mmoja, chini kidogo ya mkanda. Kukawa na utulivu. Nikashusha pumzi, na hilo ndilo lililoimaliza, maana tumbo lilipotanuka uzi wa pili ukafuata, kisha wa tatu, kisha ukaja ule mlio ambao wauza vitambaa wote wanaujua, mrefu, ulionyooka, kuanzia mkanda wa nyuma ukapita chini mpaka karibu na zipu ya mbele, bila haraka, kana kwamba unasomwa kutoka kwenye karatasi. Nyuma yangu, kwa mpangilio wa sebule ile, kulikuwa na mlango wa ndani na pazia. Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia, waliposikia kishindo kisha mshenga akisema "Alhamdulillahi" kwa hofu tu, walidhani barua imepokelewa. Wakapiga vigelegele. Vigelegele virefu, vya furaha ya kweli. Na wakafungua pazia.

Sijawahi kusikia kigelegele kikikatika katikati. Kinakatika vibaya.

Mjomba ndiye aliyeokoa jahazi. Alichukua barua mikononi mwangu taratibu, akaiweka pembeni, akaniambia, "Mwanangu, usiinuke," ushauri ambao sikuuhitaji kwa kuwa miguu ilikuwa haijarudi. Kisha akawageukia wenzake akasema kwamba suruali ya namna hii, ambayo hata chupa ya soda isingepita mguuni, yeye amewahi kuisaka barabarani Dar es Salaam. Wazee wakacheka, vijana tukatazamana. Ikabidi atueleze. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio, na kuanzia Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana ya kupiga vita nguo fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Yeye alikuwa kijana wa umoja huo na alijiona mlinzi wa utamaduni. Shangazi yangu, ambaye angekamatwa kwa kosa la wigi kati ya hayo manne kama angekuwa mtu mzima zama hizo, alijishika nywele zake za asili kwa fahari ambayo sikuipenda.

"Na baada ya operesheni," bamkubwa akachokoza, "ninyi wenyewe hamkuvaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni?"

Mzee akakohoa. Akaingia ndani, tukasikia sanduku la mbao likifunguliwa, na akatoka na suruali ya terilini ya rangi ya kahawia, pana chini kiasi cha kufagia barabara, yenye upindo uliokaa sawa kama alivyouacha fundi wa miaka ya 1970. Akanitupia. Nikaburuzwa chumba cha pembeni na kinyozi, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka, nikaivaa. Ikanitosha. Magoti yakakunjika. Nilirudi sebuleni nikaketi, nikakunja miguu, nikanywa kahawa mpaka buli likaisha.

Mengine si ya kusimuliwa kwa urefu. Barua ilisomwa, fedha ya kufungulia mlango ikahesabiwa, tukaambiwa tusubiri jibu, tukala wali wa nazi, tukaondoka, na modo ikabaki Bagamoyo; nasikia mama wa nyumba amepata vitambaa viwili vya kufutia taa.

Lakini sikilizeni kilichotokea kesho yake. Sikuwa nimepata muda wa kupitia nyumbani, nikafungua kibanda Karume nikiwa na ile bugaluu ya mzee. Kabla ya adhuhuri vijana walikuwa wameniuliza bei yake mara nyingi kuliko walivyoniuliza bei ya modo tangu mwaka uanze. Mmoja, mwanafunzi wa chuo, alitaka kuinunua nikiwa nimeivaa. Nikawaambia mapana yamerudi, kiuno cha juu kimerudi, marinda yamerudi, na kwamba mimi nilikuwa nikilisema hili siku zote. (Msianze.) Kwa kuwa mitumba ya namna hiyo bado ni michache, maana Wazungu wenyewe bado wanaivaa na hawajaichoka, nikaona njia ni moja tu: kushona. Jioni nikaipeleka suruali kwa fundi wangu achukue kielelezo, nikamweleza wazi kwamba ni mali ya mkwe mtarajiwa na asiikate.

Leo asubuhi jibu la barua limefika. Posa imekubaliwa, mahari imetajwa, mkaja wa mama umetajwa, na mwisho kabisa, chini ya saini ya mjomba, kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: suruali ya mzee irudi pamoja na mahari, ikiwa imefuliwa, na isipigwe pasi ya mkaa. Nimekimbia kwa fundi. Hajaikata, kweli. Ameifumua yote, mshono kwa mshono, na vipande vimepangwa juu ya meza vizuri sana, vimeandikwa namba kwa chaki. Ameniahidi itakuwa tayari Alhamisi, nami kwa kihoro nimesahau kumuuliza Alhamisi ipi.