Kompyuta inayosema haijaondoa kazi ya nukta nundu

Tabora haikuanza jana kusomesha watoto wenye ulemavu. Shule ya viziwi ilianzishwa 1963, na Shule ya Msingi Furaha imelea wasioona kwa miongo mingi. Ndiyo maana swali linalozungumzwa sasa na walimu wa elimu maalumu lina uzito hapa: ikiwa simu na kompyuta zinasoma maandishi kwa sauti, kwa nini tuendelee kumfundisha mtoto nukta nundu, zile herufi za nukta zilizoinuka, zisizozidi sita kila moja, ambazo asiyeona husoma kwa vidole?

Wanaotaka tuhamie kwenye kompyuta wana hoja nzito. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, ile ya chuma yenye kitufe kwa kila nukta kati ya nukta sita, ina uzito wa karibu kilo 5 na bei yake inapita simu janja kadhaa. Kitufe kikikwama, fundi wa mtaani haigusi. Karatasi zake ni nene na ghali, na kitabu kimoja cha kiada hugeuka majuzuu kadhaa. NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta kwa sauti, haiuzwi, inapatikana bure. Simu nyingi za Android huja na TalkBack, programu ya kazi hiyo hiyo, ndani yake. Lakini kwangu lililo kubwa kuliko bei ni hili: mwanafunzi asiyeona wa sekondari ya kawaida, tuseme Nzega au Urambo, akiandika insha kwa kompyuta, mwalimu wa historia anaisoma papo hapo. Akiiandika kwa nukta nundu, inasubiri mtu wa kuihamishia kwenye maandishi ya kawaida, na huenda shule nzima haina mtu huyo.

Hata hivyo, kusikiliza si kusoma. Kwenye Kiswahili pengo hilo halionekani sana, maana tunaandika karibu kama tunavyotamka. Mtoto akifika kidato cha kwanza, masomo yanahamia Kiingereza, na huko know na no hayatofautiani sikioni. Hisabati ndiyo inayoumiza zaidi. Chukua sehemu ambayo asili yake, yaani ile ya chini, ina mabano yaliyopandishwa kipeo: sauti inaipitia mara moja, na msikilizaji hajui mabano yamefungwa wapi. Anayesoma kwa vidole hurudi nyuma, akagusa tena, akahakiki. Kumwachisha nukta nundu shule ya msingi kwa kuwa kompyuta imepatikana ni kumnyima chombo hicho kabla tu ya miaka atakayokihitaji kuliko mingine yote.

Tena kuna umeme. Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya taifa, kwa hiyo huko hili halihitaji maelezo marefu. Kibao cha kutobolea nukta, ambacho mtoto huandikia kutoka kulia kwenda kushoto kisha akageuza karatasi ili asome, hakihitaji chaji.

Kwa viziwi mambo yanafanana. Shimesikio, kifaa cha kukuza sauti sikioni, humfaa mwenye usikivu uliobaki, ingawa betri zake ndogo huisha ndani ya wiki chache. Asiyesikia kabisa anahitaji mwalimu anayejua Lugha ya Alama.

Msimamo wangu ni nukta nundu tangu darasa la kwanza, kompyuta ije juu yake madarasa ya juu, na zote mbili sekondari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto apate huduma saidizi kutoka kwa mwalimu aliyesomea au aliyepangiwa kazi hiyo. Kununua vifaa bila kuajiri mwalimu huyo ni kutimiza nusu ya sheria.

Lipo jambo moja lisilongoja bajeti. Wanafunzi wengi wenye ualbino, wakiwemo wa Kabanga kule Kasulu, wana uoni hafifu. Kwao kamera ya simu inayopiga picha ubao na kuikuza ni msaada wa bei nafuu kabisa, lakini shule zetu zinakataza mwanafunzi kuwa na simu. Katazo lina sababu zake, na sioni haja ya kuliondoa kwa wote. Mkuu wa shule atoe kibali cha maandishi kwa mwanafunzi anayehitaji. Simu ikae ofisini kwa mwalimu wa taaluma, itolewe kipindi kinapoanza, bila laini ndani yake. Kamera na TalkBack hufanya kazi hivyo hivyo.