Floraidi ya Bonde la Ufa: MOF za zirkoni zitauondoa mkaa wa mifupa?

Oktoba 2025 tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi yao juu ya fremu za metali na ogania, kwa kifupi MOF. Hizi ni fuwele ambazo mafundo yake ya metali yameunganishwa na molekuli za kaboni, na kati yake yamebaki matundu mengi ajabu. Kwa mtu anayeishi Arusha, Manyara, Nakuru au Naivasha swali linakuja lenyewe. Ikiwa vitu hivi hunasa floraidi, chumvi ya majini inayoharibu meno na mifupa ikizidi, vizuri kama machapisho yanavyosema, kwa nini bado tunachuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa?

Upande wa MOF una hoja nzito. Chukua UiO-66, iliyotangazwa mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo. Gramu moja yake ina eneo la uso la karibu mita za mraba 1,200, wakati mkaa mzuri wa mifupa una kama 100. Kila fundo lake lina atomu sita za metali ya zirkoni, na zirkoni hushikana na floraidi kwa nguvu. Majaribio ya maabara yameripoti uwezo wa miligramu 40 hivi za floraidi kwa gramu. Mkaa wa mifupa, ukiwa kwenye ndoo ya nyumbani na si kwenye chupa ya maabara, hutoa kati ya miligramu 1 na 2.

Tupige hesabu ya kaya moja. Maji ya kunywa na kupikia ni lita 20 kwa siku, yenye miligramu 6 za floraidi kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Kwa hiyo kila siku tunatakiwa kuondoa miligramu 90, na kwa mwaka gramu 33. Kwa mkaa wenye uwezo wa 1.5 hizo ni kilo 22. Kwa MOF ya 40 ni gramu 800 tu, mfuko mmoja mdogo. Ukiishia hapo, mjadala umekwisha.

Lakini ile 40 ni uwezo wa juu kabisa, ambao hufikiwa floraidi inapokuwa nyingi mno majini. Kadiri inavyopungua, malighafi nayo hunasa kidogo. Tuseme MOF yetu hujaa nusu pale maji yanapokuwa na miligramu 20 kwa lita. Ukiikoroga kwenye ndoo hadi maji yafike 1.5, itakuwa imejaa kwa 1.5 gawanya kwa 21.5, yaani asilimia 7, sawa na miligramu 2.8 kwa gramu. Ukiipanga kwenye bomba ili maji ya 6 yaingie juu na kutoka chini, tabaka la juu linaweza kufika 6 gawanya kwa 26, asilimia 23, au miligramu 9.2. Hesabu ya gramu 800 imegeuka kilo 12 kwa ndoo, au kilo 3.6 kwa bomba. Bado ni nafuu kuliko kilo 22, ila ule muujiza haupo tena. Mtafiti anayetangaza uwezo wa juu bila kueleza hali ikoje kwenye 1.5 anajibu swali ambalo hakuna mnywaji aliyeliuliza.

Kisha kuna maji yenyewe, na hapa ndipo machapisho mengi huteleza. Floraidi yetu hutoka kwenye miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi. Maji yake ni ya magadi: bikaboneti imejaa, kalsiamu ni haba, pH ni 8 na kuendelea. Kama kalsiamu ingekuwa ya kutosha, floraidi ingejitenga yenyewe kama kalsiamu floraidi na kutulia chini. Kwa kuwa ni haba, floraidi hubaki imeyeyuka majini, na miteremko ya Meru ina chemchemi na visima vinavyopita miligramu 10 kwa lita. Maabara nyingi, kwa upande mwingine, hupima kwa sodiamu floraidi iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyotoneshwa, pH karibu na 7, bila kitu kingine. Kwenye pH ya 9 ioni ya haidroksaidi, ambayo ukubwa na chaji yake vinakaribiana na vya floraidi, hugombania kiti kilekile. Uso wa malighafi nao hugeuka hasi na kuisukuma floraidi mbali. Bikaboneti na fosfeti hushambulia mafundo ya zirkoni moja kwa moja na kung'oa viunganishi vyake, yaani zile molekuli za kaboni.

Kuna jambo jingine ambalo wakemia wa MOF wanalijua vizuri lakini halisemwi sana. Wanapotaka kuivunja UiO-66 wahesabu viunganishi vyake kwenye mashine ya NMR, inayotambua molekuli kwa sumaku, moja ya njia za kawaida ni kuiyeyusha kwa asidi ya haidrofloriki. Yaani floraidi ndiyo nyundo ya kuibomolea. Ni kweli kwamba miligramu 6 kwa lita si asidi kali ya maabara, na fremu haitayeyuka kwa siku moja. Ila kichujio hukaa miezi. Anayedai kuwa fremu yake imesalimika aonyeshe mambo mawili baada ya jaribio: mistari ya eksirei kwenye pembe za nyuzi 7.4 na 8.5 bado ipo na haijafifia, na maji yaliyotoka hayana terefthaleti, yaani kiunganishi kilichong'oka, ambayo hujionyesha kwenye mwanga wa urujuanimno karibu na nanomita 240. Eksirei peke yake haitoshi, kwa sababu fremu inaweza kupoteza sehemu ya viunganishi na mistari ikabaki palepale.

Utengenezaji nao una yake. Mchanganyiko wa kawaida wa maabara ni milimoli 1 ya zirkoni tetrakloridi (gramu 0.233), milimoli 1 ya asidi ya terefthaliki (gramu 0.166), kiyeyushi cha DMF kama mililita 25, na asidi asetiki ya kuongoza ukuaji wa fuwele. Unaweka kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa 24. Unapata, ukibahatika, gramu 0.28. Ukitaka kilo moja kwa njia hiyo unahitaji gramu 840 za tetrakloridi, gramu 600 za asidi ya terefthaliki na lita 90 za DMF, na hapo hujaosha. DMF hudhuru ini na uzazi, na Umoja wa Ulaya umebana matumizi yake viwandani tangu mwisho wa 2023. Ikibaki kwenye matundu, itatoka polepole ndani ya maji ya kunywa. Hivyo unaosha kwa DMF mpya, kisha kwa methanoli mara kadhaa kwa siku mbili tatu, kisha unakausha kwa joto na ombwe.

Zirkoni tetrakloridi pia hunyonya unyevu wa hewa na kutoa moshi wa asidi. Chupa iliyofunguliwa mara kwa mara msimu wa masika haitoi fuwele zilezile ilizotoa mwezi wa kwanza. Maji kidogo yanahitajika ili mafundo ya zirkoni yajiunde. Yakizidi, unapata unga usio na mpangilio. Wanafunzi wengi hulaumu oveni, kumbe tatizo ni chupa.

Watetezi wa MOF watasema, na wana haki, kwamba UiO-66 si fremu pekee. MOF-801 ya zirkoni na asidi ya fumariki inaweza kutengenezwa ndani ya maji bila DMF. Alumini fumareti imetengenezwa na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, kwa wingi kwa maji, kwa kutumia alumini salfeti, ambayo ni jamaa wa shabu tunayoijua sokoni. Hapo bei na sumu vinapungua sana, na kama kuna MOF itakayofika kijijini, nadhani itatoka katika ukoo huu. Ila alumini ina mtego wake. Kwenye maji ya magadi hupenda kuyeyuka, na ikiyeyuka inaweza kujifunga na floraidi, hasa pH inaposhuka. Ukipima kwa elektrodi ya floraidi bila kuweka bafa ya TISAB, myeyusho unaoitenganisha floraidi na alumini kabla ya kupima, elektrodi haitaiona floraidi iliyofungwa. Utasoma 0.8 na kushangilia, kumbe floraidi imo, na sasa kuna alumini pia. Matokeo yoyote ya kichujio cha alumini yasiyotaja TISAB na yasiyo na kipimo cha alumini kwenye maji yaliyotoka hayafai kupewa uzito.

Chembe za nano zina kikwazo cha aina nyingine. Haidroksiapatiti (madini ya mifupa) ya nano, oksaidi ya magnesiamu au ya chuma hunasa haraka kwa kuwa ni ndogo, na udogo huohuo huziba bomba. Kinzani ya maji hupanda kwa kinyume cha mraba wa kipenyo. Chembe ya nanomita 50 ni ndogo mara 20,000 kuliko punje ya milimita 1, hivyo kinzani yake ni kubwa mara milioni 400. Hakuna ndoo iliyoinuliwa juu ya stuli itakayosukuma maji humo. Lazima zifungwe kwenye punje za aljineti, yaani utomvu wa mwani, au zipakwe juu ya mchanga, na hapo sehemu ya uso huzibwa. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, aliyeshinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015, aliunganisha malighafi za nano na chujio la mchanga la kawaida. Busara ya muundo huo ni kwamba mchanga hubeba mzigo wa tope na vijidudu, na nano huachiwa kazi inayoiweza.

Mkaa wa mifupa nao usipambwe kupita kiasi. Mifupa huchomwa kwa nyuzi 400 hadi 500 na hewa kidogo. Chini ya hapo mafuta hubaki na maji hunuka. Hewa ikizidi na joto likipanda, mfupa unakuwa mweupe na uwezo unashuka. Unataka kijivu kuelekea cheusi, na tanuri moja linaweza kutoa rangi zote tatu, chini, katikati na juu. Waislamu watauliza mifupa ni ya mnyama gani, Wahindu hawatataka ya ng'ombe, na wote wana haki ya kujibiwa. Baya kuliko yote, mkaa ukichoka haukuambii. Ndoo ya lita 20 hubeba kama kilo 15, na kwa kaya yetu huisha baada ya miezi minane. Floraidi haina ladha wala harufu, hivyo maji ya mwezi wa kumi wa matumizi yanaonekana sawa na ya mwezi wa pili.

Hata hivyo mkaa una sifa ambayo MOF bado hazijaionyesha: umefanya kazi kwenye maji yenyewe kwa miaka mingi, Ngurdoto karibu na Arusha na Nakuru pia. Ukichoka unaweza kuoshwa kwa soda kali ya asilimia 1 hivi na kurudishwa. Ukiongezewa kalsiamu na fosfeti kidogo kidogo, hudumu zaidi. Na funzo la MOF, kwamba metali iliyo wazi ndiyo inayonasa, linaweza kutumika bila MOF yenyewe, kwa kuupaka mkaa alumini. Kwa maoni yangu shilingi ya utafiti wa hapa ingezaa zaidi huko, na kwenye kipimo rahisi cha kumwambia mama mwenye ndoo kwamba mkaa umechoka, kuliko kwenye fremu ya ishirini na moja ya zirkoni.

Anayeshikilia MOF ana njia nyepesi ya kutubadilisha mawazo. Atengeneze maji ya majaribio kwa miligramu 13.3 za sodiamu floraidi na gramu 0.7 za sodiamu bikaboneti kwa kila lita, arekebishe pH hadi 8.8, ayapitishe kwenye bomba lenye punje, si unga, na aendelee mpaka maji yanayotoka yavuke 1.5. Kisha atuambie lita ngapi zilipita kwa kila kilo, na kilo hiyo iligharimu shilingi ngapi.