Mitungi juu ya matumbawe: tunamlaumu mzamiaji kupita kiasi

Mwambao wetu una lalamiko la siku nyingi, nalo lina uzito. Mvuvi wa Jibondo au Juani anaambiwa kwamba sehemu hii ya Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, imetengwa, nyavu haziruhusiwi. Kesho yake anaona boti ya hoteli imesimama papo hapo, wageni wanane wanajitosa na mitungi ya hewa mgongoni. Mwamba ni uleule, samaki ni walewale. Yeye anaitwa mharibifu, mgeni anaitwa rafiki wa bahari. Ni vigumu kumwambia asione uchungu.

Uchungu huo naukubali. Lakini humo humo imezuka hoja nyingine ambayo sioni kama ni ya haki: kwamba kuzamia kwenyewe ndiko kunakoua matumbawe, na likizo za mitungi zikipigwa marufuku mwamba utapona. Wanaosema hivyo hupenda kutoa mfano wa Chumbe. Kisiwa hicho, kusini ya mji wa Zanzibar, kilitengwa mwaka 1994. Mgeni wa Chumbe haruhusiwi kuzamia na mtungi, anaogelea kwa miwani na mrija tu, na matumbawe yake yanasifiwa kote.

Ni kweli, ila mfano huo unasomwa nusu. Chumbe ina vibanda saba tu vya wageni. Uvuvi kwenye mwamba wake umezuiwa, na walinzi waliotoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani wanalala hapo hapo. Kinachoulinda mwamba ule ni uchache wa watu na macho ya walinzi. Ukitaka kujua miwani na mrija vikiachwa huru vinafanya nini, nenda Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini-mashariki ya Unguja, asubuhi ya msimu wa watalii. Boti hupangana, watu humwagwa majini, na asiyejua kuogelea vizuri akichoka hutafuta pa kusimama. Hapo penye kina kifupi pa kusimama ni juu ya tumbawe. Mzamiaji aliyefunzwa yuko mita kumi na tano chini, amesawazisha uzito wake hata hapandi wala hashuki, na hana haja ya kugusa kitu.

Hana haja, lakini hugusa, na lazima tuliseme hilo bila kupaka mafuta. Watafiti waliwafuata wazamiaji 353 katika kisiwa cha St Lucia, Karibi, wakahesabu kila mguso. Karibu robo tatu waligusa mwamba angalau mara moja katika mzamo mmoja. Miguso mingi ilikuwa ya mapezi ya miguuni, na wenye kamera waligusa zaidi. Mwenye kukata tamaa ataishia hapo. Mimi kilichonishika ni matokeo yaliyofuata: maelezo mafupi yanayotolewa juu ya boti, yale ya "tafadhali msiguse matumbawe", hayakubadilisha kitu. Kilichopunguza miguso sana ni kiongozi wa mzamo kuingilia kati huko huko chini anapomwona mtu akigusa. Kwa hiyo madhara ya mzamiaji yana dawa, na dawa yenyewe ni ajira ya kijana wa Utende au Chole, mradi asipewe kundi kubwa kuliko awezavyo kulitazama.

Halafu kuna hesabu ambayo nairudia kila mjadala huu unapoibuka. Tafiti za miaka ya 1990, za Bonaire katika Karibi na za pwani ya Misri katika Bahari ya Shamu, zilikadiria kwamba mahali pamoja pa kuzamia panaweza kustahimili kati ya mizamo 4,000 na 6,000 kwa mwaka. Ikizidi hapo, matumbawe yanaanza kuvunjika haraka kuliko yanavyoota. Ukisikia 6,000 unaona ni nyingi. Igawanye kwa siku za mwaka: ni watu kumi na sita kwa siku, yaani boti mbili za watu wanane. Ukichukua 4,000, ni watu kumi na mmoja. Hoteli mbili zenye wageni wa kutosha zinaimaliza posho ya mwamba mmoja bila mtu yeyote kufanya kosa.

Na hesabu hiyo haikupigwa Mafia. Kule Bonaire upepo huvuma upande mmoja karibu mwaka mzima; sisi tuna pepo mbili za msimu, kaskazi na kusi. Wakati wa kaskazi boti zinatoka nje ya ghuba, zinasambaa hadi Dindini na kwingineko. Kusi ikianza kuvuma, nje hakuendeki, kila boti inabaki ndani ya ghuba: Milimani, mlango wa Kinasi, basi. Wastani wa mwaka unaweza kuwa mzuri kabisa kwenye karatasi huku Kinasi ikibeba mzigo wote kwa miezi mitano. Tena kuna tumbawe na tumbawe. Lile la mviringo kama jiwe, linaloota karibu sentimita moja kwa mwaka, huvumilia pezi likiligonga. Lile lenye matawi huota haraka zaidi lakini hukatika kwa kuguswa tu. Kwa hiyo sitaki mtu aichukue 6,000 kama ruhusa. Naichukua kama onyo, na pia kama ushahidi kwamba kuzamia ni kitu kinachohesabika.

Uvuvi wa baruti hauhesabiki hivyo. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania na vinasa sauti vya chini ya maji, wakanasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo serikali imewabana walipuaji na hali imekuwa bora sana. Lakini mwamba uliolipuliwa hubaki kifusi, na kifusi kinachoviringishwa na mawimbi hakishiki tumbawe changa. Penye boti za wazamiaji kila siku, mlipuaji hana pa kujificha, kwa sababu mlipuko husikika mbali sana chini ya maji na kuna watu wenye faida ya moja kwa moja katika kupiga simu.

Upande wa pili una hoja ambazo mzamiaji hawezi kuzijibu kwa urahisi. Kubwa ni joto. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe ya Tutia, kusini mwa Mafia, yakapauka, yaani yakapoteza rangi, na kufa kwa wingi bila kuguswa na nyavu wala pezi. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Mgeni anayekuja kuzamia ameruka saa nyingi angani, na moshi wa ndege yake umo katika joto hilo. Ada ya hifadhi anayolipa hailifuti.

Hoja nyingine ni ya mgawo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, kilomita za mraba 822, watu waliachwa waishi ndani yake kwa ahadi kwamba watanufaika. Hoteli zimejengwa zaidi upande wa Utende, na ajira zikafuata huko. Jibondo, kisiwa cha wavuvi na mafundi wa majahazi, kilipinga kwa miaka mingi, na sioni aibu katika upinzani huo. Anayepoteza sehemu ya kuvulia anastahili kuona kilichokuja badala yake, kwa shilingi na kwa maji ya kunywa.

Hata hivyo, kumfukuza mzamiaji hakumrudishii mvuvi wa Jibondo chochote. Kutaondoa ada, kutaondoa macho, na joto litabaki lilivyo. Ninachoona kinafaa kudaiwa ni kingine: hifadhi itangaze idadi ya mizamo ya kila mahali, msimu kwa msimu, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji vyote na si kwenye kaunta za hoteli. Kila kiongozi apewe wazamiaji wanne, na asiye mzoefu asipelekwe kabisa kwenye matumbawe ya matawi. Jibondo wenyewe wamewahi kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na kila mtu, pamoja na kina mama wanaotegemea maji ya bamvua, yanapokupwa sana,, akasubiri siku ya kufunguliwa. Kinasi ikizidiwa wakati wa kusi, nayo ifungwe hivyo hivyo, na hoteli zisubiri.